Upinde wa msalaba wa kwanza: Kwa nini kasi si kitu cha kwanza kuangalia

Msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia Marekani na Canada, maduka ya vifaa vya uwindaji hujaza rafu pinde za msalaba. Karibu kila boksi lina namba kubwa mbele: 350, 400, 450. Hiyo ni kasi ya mshale kwa futi kwa sekunde, na mnunuzi mgeni huikimbilia kama mtu anayechagua simu kwa kuangalia megapikseli za kamera peke yake.

Tatizo ni kwamba namba hiyo haimwambii kama ataweza kuukoki upinde bila kuumia, wala kama mshale utatua panapotakiwa. Haya hapa ni mambo ya kujua kabla ya kutoa hela.

Ni silaha ya namna gani?

Upinde wa msalaba ni upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Uzi ukivutwa nyuma hunaswa na komeo na kubaki hapo hadi kifyatulio kivutwe. Mwindaji halazimiki kuvuta na kulenga kwa wakati mmoja, hivyo anayeanza hujifunza kulenga haraka kuliko kwa upinde wa kawaida.

Kuna faida nyingine pia: muda. Katika jimbo la Ohio, msimu wa mishale wa kulungu huanza mwishoni mwa Septemba na kwenda hadi mapema Februari, na pinde za msalaba zinaruhusiwa muda wote huo. Msimu mkuu wa bunduki huchukua kama wiki moja tu.

Sheria kabla ya duka

Kinachoruhusiwa jimbo moja kinaweza kumtia mtu matatani jimbo la pili. Oregon, kwa mfano, imekuwa ikikataa upinde wa msalaba kwa uwindaji. Canada inapiga marufuku pinde za kufyatua kwa mkono mmoja, pamoja na zile zenye urefu usiozidi milimita 500. Uingereza mtu mwenye miaka 18 au zaidi anaweza kuununua, lakini kuua wanyamapori kwa upinde huo ni kosa tangu sheria ya 1981.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki wanaoona matangazo ya pinde hizi mtandaoni: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania uwindaji unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Marekani na Canada, mwindaji mpya kwa kawaida hutakiwa kupita kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya kupata leseni. Kozi hiyo ni vizuri ifanyike kabla ya kununua upinde, maana ndipo mtu anapojua anahitaji nini.

Aina mbili kuu

*Wa mikono iliyopinda.* Huu hauna mambo mengi: mikono miwili, uzi na kitako. Uzi ukichakaa mwenyewe anaweza kuubadilisha kwa kamba maalumu, hata akiwa kambini. Kasoro yake ni upana, unasumbua kwenye kibanda kidogo au katikati ya matawi.

*Wenye kapi.* Una magurudumu madogo kwenye ncha za mikono, na nyaya za ziada. Ni mwembamba zaidi na mara nyingi una kasi kubwa. Lakini uzi wake kwa kawaida hubadilishwa dukani kwa mashine ya kubana mikono. Anayeishi mbali na fundi alifikirie hilo mapema.

Kukoki ndiyo mtihani wa kwanza

Pinde nyingi za kuwindia zina nguvu ya mvuto ya ratili 150 hadi 200, yaani kama kilo 68 hadi 90. Hakuna sababu ya kushindana na uzito huo kwa mikono mitupu. Kamba ya kukokia yenye vishikio hupunguza nguvu inayohitajika karibu nusu, na pia husaidia kuvuta uzi sawasawa pande zote mbili. Uzi ukivutwa upande mmoja zaidi ya mwingine, mshale hupotea kushoto au kulia hata kama mlengaji ni hodari.

Mwenye tatizo la mgongo au bega anaweza kuchagua upinde wenye mkono wa kuzungusha. Unaongeza bei na uzito, na ni wa polepole, lakini kazi yake ni nyepesi.

Kipimo ni rahisi: mnunuzi aombe kuukoki upinde huo dukani mara tatu mfululizo. Akishindwa hapo kwenye sakafu kavu, asitegemee kuweza alfajiri ya baridi akiwa amevaa makoti mawili.

Ukweli kuhusu kasi

Sauti husafiri kwa takribani mita 340 kwa sekunde. Mshale wa futi 350 kwa sekunde unakwenda kama mita 107. Maana yake, kulungu husikia mlio wa uzi kabla mshale haujamfikia.

Chukua umbali wa yadi 40, kama mita 37. Sauti inafika baada ya takribani sekunde 0.11. Mshale wa futi 350 unafika baada ya sekunde 0.34 hivi. Mwindaji akiongeza mamia ya dola kupata upinde wa futi 420, mshale utafika baada ya kama sekunde 0.29. Amepata nukta tano za mia ya sekunde, na mnyama bado amesikia kwanza.

Kulungu aliyeshtuka huinama ili ajirushe, na mshale uliolengwa kifuani unaweza kupiga mgongo au kupita juu. Ndiyo maana wawindaji wengi wazoefu hubaki ndani ya yadi 30 hadi 40, hata kama upinde wao unaweza kurusha mbali zaidi. Kusogea karibu kunasaidia kuliko kasi, na hakuna gharama.

Kwa kulungu, upinde wa futi 300 hadi 350 unatosha kabisa.

Mshale usiwe mwepesi kupita kiasi

Kila mtengenezaji huandika kwenye kitabu cha maelekezo uzito wa chini wa mshale na aina ya kisigino cha mshale kinachotakiwa. Mshale mwepesi kuliko kiwango hicho hauwezi kubeba nguvu yote ya upinde, na nguvu inayobaki hurudi kwenye mikono na uzi. Kisigino kisicho sahihi nacho kinaweza kufanya uzi upite juu au chini ya mshale.

Chembe za kuwindia zina makali ya wembe. Hufungwa kwa kifaa chake maalumu, kamwe si kwa vidole, na hubebwa ndani ya podo lililofunikwa.

Makosa yanayoumiza

*Kufyatua bila mshale.* Nguvu yote hurudi kwenye upinde wenyewe. Mikono inaweza kupasuka, uzi ukakatika, na vipande vikamfikia usoni aliyeushika. Upinde wa kwanza uwe na kizuizi cha kufyatua mtupu.

*Kidole gumba juu ya mfereji.* Uzi hupita hapo kwa kasi ileile ya kurusha mshale. Mkono wa mbele ukae chini ya mfereji wakati wote. Upinde wenye kingo pana za kulinda vidole ni wa kupewa kipaumbele.

*Kulegeza uzi kwa mkono.* Ukishakokiwa, njia salama ni kurusha mshale wa mazoezi kwenye shabaha, au kutumia mkono wa kuzungusha kama mtengenezaji ameruhusu.

*Kupanda mtini na upinde uliokokiwa.* Mwindaji hupanda kwanza, amevaa mkanda wa usalama, kisha huvuta upinde juu kwa kamba ukiwa hauna mshale wala haujakokiwa.

Bajeti

Vifurushi vya kuanzia hupatikana kwa mamia machache ya dola, mara nyingi vikiwa na darubini, podo na mishale mitatu. Pinde za juu hupita dola 2,000. Anayeanza atenge pia hela ya mishale ya ziada, chembe, shabaha, nta ya uzi na uzi wa akiba. Kumaliza pesa zote kwenye upinde na kukosa shabaha ya kufanyia mazoezi ni kama kununua gari ukabaki bila mafuta.

Kwa upinde uliotumika, mikono ikaguliwe kama ina nyufa na uzi kama umetoa manyoya. Muuzaji asiyekubali urushwe mbele ya mnunuzi aachwe na upinde wake.

Lini mtu yuko tayari?

Eneo la moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe lina upana wa kama sentimita 20 hadi 25, sawa na sahani ya chakula. Mwindaji aweke alama ya ukubwa huo, aanze yadi 20, kisha asogee nyuma taratibu. Afanye mazoezi ameketi, amepiga goti, na amevaa nguo atakazovaa porini.

Pale mshale wa kwanza wa siku unapoanza kutoka nje ya sahani, amefika mwisho wa umbali wake. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo porini, hata kama ni yadi 25 tu na boksi limeandikwa 400. Mnyama akiwa mbali zaidi ya hapo, kifyatulio kinaachwa. Kulungu aliyejeruhiwa vibaya anaweza kukimbilia msitu mzito na kufa bila kupatikana, na hakuna upinde wa bei yoyote unaoweza kuurudisha mshale huo.