Asili ya Usukani Usio na Gari

Mwanadamu hujifunza kwa kuiga. Mtoto huiga sauti kabla ya kujua maana ya neno, na mwanagenzi huiga mkono wa fundi kabla ya kuaminiwa patasi. Walakini kuiga kuna daraja mbili: kuiga kwa kutazama na kuiga kwa kuunda. Aigaye kwa kutazama hupata sura ya kitu. Aigaye kwa kuunda hupata sura pamoja na sababu yake. Insha hii yahusu chombo kimoja cha kuigia, yaani kiti, usukani na pedali zilizofungwa mbele ya kompyuta, ili aketiye hapo aendeshe gari lisilokuwapo. Swali lake ni hili: chombo hicho kina nafasi gani katika historia ya ufundi wa Afrika Mashariki?

Asili yake ni urubani, na karakana yake ya kwanza ilikuwa ya vinanda. Edwin Link alikuwa mwana wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda vya upepo katika mji wa Binghamton, Marekani. Alitamani kurusha ndege, lakini gharama ya masomo ya hewani ilikuwa kubwa. Mwaka 1929 alikamilisha sanduku lenye umbo la ndege ndogo, akaliweka juu ya mivukuto ya vinanda, hata likainama na kuinuka kwa kufuata mkono wa aliyekaa ndani. Wenye vyuo vya urubani hawakulijali. Viwanja vya burudani ndivyo vilivyolinunua. Mambo yaligeuka mwaka 1934. Jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa kuruka katika giza na ukungu wasiouzoea. Jeshi likanunua masanduku 6. Hata Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, zaidi ya 10,000 yalikuwa yameundwa. Basi kitu kilichodharauliwa kuwa mchezo kiligeuka kuwa kinga ya roho za watu.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na shule yake ya uendeshaji, na shule hiyo ilikuwa barabara yenyewe. Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo sifa yake ilienea duniani kwa jina la Safari. Tope la masika lilimeza magari, na vumbi lilipofua macho. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho, na mwaka 1968 ikawa vivyo hivyo. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967, kwa Peugeot 404. Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja na magari mazuri na mafundi wengi, wakarudi mikono mitupu, mpaka Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda mwaka 1972. Kwa muda wa karibu miaka 20 elimu ya wenyeji iliwashinda wageni. Elimu hiyo haikuandikwa popote: kutambua tope lipi hubeba na lipi huzamisha, na kujua mto upi hujaa usiku.

Watoto nao walikuwa na mashindano yao. Walikunja waya kuwa gari, wakakata malapa makuukuu kuwa magurudumu, wakaunganisha fito ndefu yenye usukani juu, wakakimbia nyuma yake wakinguruma kwa midomo. Mtoto aliyepinda waya hata magurudumu ya mbele yakageuka kwa pamoja alikuwa amekwisha fahamu siri ya usukani, ingawa hakuna aliyempa cheti.

Kompyuta ilichelewa kuwafikia watoto hao. Tanzania ilipata ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, kwa kuwa ziligharimu fedha nyingi za kigeni na faida iliyotazamiwa haikuonekana. Amri hiyo haikuwa ya upumbavu, maana nchi maskini ina haki ya kuuliza bei ya mashine. Lakini mlango ukifungwa huwazuia mwizi na mgeni pamoja. Hata matangazo ya televisheni hayakuanza Tanzania Bara mpaka mwaka 1994. Hivyo kizazi kizima cha Temeke kilikua na waya mkononi bila kioo cha kutazamia.

Leo mlango u wazi, na aishiye Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa, hayuko mbali na vifaa. Keko kuna maseremala, Gerezani kuna wahunzi wa vyuma chakavu, na Kariakoo kuna kompyuta zilizokwisha tumika katika ofisi za ng'ambo. Kompyuta ya namna hiyo haikuundwa kwa michezo. Pawa saplai yake ni dhaifu. Kwa hiyo mwenye kuigeuza hana budi kupiga hesabu: nafasi ya kadi ya picha katika bodi yake hutoa wati 75, na kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wa ziada ambao aghalabu haumo. Kisha huongeza feni, kwa sababu joto na vumbi la pwani havina huruma. Kitufe cha kuongezea sauti katika redio mbovu hupima mzunguko wa usukani. Kipima uzito cha mizani ya kielektroniki hupima nguvu ya mguu juu ya breki, kwa kuwa mguu hukumbuka uzito kuliko masafa. Kibao kidogo kiitwacho Arduino, kilichoanza Italia mwaka 2005, huzitafsiri habari hizo kwa kompyuta. Aliyeyafanya hayo kwa mkono wake amejifunza umeme, uchomeleaji na hesabu pasipo kuingia darasani.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mwaka 2000 kampuni ya Uingereza ilitoa mchezo wa Colin McRae Rally 2.0, na miongoni mwa barabara zake zilikuwamo za Kenya. Elimu ile iliyowashinda wageni kwa karibu miaka 20 sasa imepimwa, ikachorwa, ikauzwa. Na mtoto wa pwani huinunua barabara ya jirani yake kutoka ng'ambo. Wako wasemao kwamba dawa ni kuuacha mchezo, kwa kuwa hupoteza wakati. Hoja hiyo ina ukweli kwa achezaye tu. Kwa aundaye haina nguvu, maana aliyeweza kuufanya usukani useme na kompyuta yu karibu kuweza kuichora barabara ya kutoka Mtoni hata Kilwa, na mashimo yake yote.

Link alidharauliwa miaka mitano kabla ya kuhitajiwa. Mafundi wa vitongojini wamedharauliwa zaidi ya hapo, kwa sababu kazi yao hufanana na mchezo na mikono yao haina shahada. Mkataa pazia mwisho hulivaa. Vyuo vyetu vikitaka wahandisi wa kesho, na vianze kuwatafuta walipo leo: penye waya, vyuma chakavu na usukani usio na gari.