Kubahatisha Neno: Mchezo Uliozaliwa Kabla ya Kompyuta

Mwanafunzi wa Ibaba, wilayani Ileje, akianza leo kujifunza kuandika programu, haichukui muda kabla hajakutana na zoezi hili: kompyuta ifiche neno, mchezaji ataje herufi mojamoja, na akikosa mara kadhaa ameshindwa. Ni zoezi dogo, lakini humfundisha kutunza orodha, kuweka masharti, kurudia hatua na kuhesabu makosa.

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1894 Mwingereza Alice Gomme, mkusanyaji wa michezo ya jadi, aliueleza mmoja wa majina ya ndege, wanyama na samaki: mfichaji anaandika herufi ya kwanza na ya mwisho, zilizobaki anaziwekea alama za msalaba. Baadaye picha ya mtu anayenyongwa, inayochorwa kiungo kimoja kwa kila kosa, ilikuja kushika nafasi kubwa katika michezo ya aina hiyo.

Kompyuta iliupokea mapema. Mwaka 1964 John Kemeny na Thomas Kurtz, wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, walizindua BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyokusudiwa hata kwa wanafunzi wasio wa sayansi. Mwaka 1973 David Ahl akatoa kitabu cha michezo 101 ya BASIC, ambayo msomaji aliinakili mstari kwa mstari kwenye mashine yake. Toleo la 1978 lina mchezo wa mtu wa kitanzini: kila kosa linaongeza kiungo, kichwa kwanza, kisha kiwiliwili, mikono, miguu.

Huku kwetu, mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kizazi kizima cha Marekani kilijifunza programu kwa michezo hii, wakati wenzao wa hapa hawakuwa na pa kuinakili.

Kubahatisha, hata hivyo, hakukusubiri umeme. "Kitendawili!" "Tega!" Aliyeshindwa hudaiwa mji, na mtegaji akishaupokea ndipo atoe jibu. Kwa maoni yangu hiyo ni adhabu ya kiungwana kuliko kitanzi, na programu inaimudu bila shida: kosa la kwanza toa mji wa Mlowo, la pili Vwawa, la tatu Tunduma, na ikifika Itumba mchezo umekwisha.

Ugumu uko kwenye maneno. Ukinakili mchezo wa Kiingereza na kubadili orodha tu, unakuwa mwepesi mno. Chukua BARABARA: nafasi nane, lakini A peke yake inafungua nne, B mbili, R mbili. Makisio matatu, umemaliza. Ile zawadi ya Gomme ya herufi ya mwisho nayo ingekuwa na faida ndogo, maana maneno yetu mengi huishia na irabu. Afadhali orodha iwe na maneno kama MJUSI au MBOGA, ambayo herufi zake hazijirudii.

Halafu kuna NG'OMBE. Programu inayoficha kila alama itaificha na ritifaa. Mchezaji atataja N, G, O, M, B, E, zote sahihi, na nafasi moja itabaki wazi, kwa sababu hakuna anayefikiria kukisia ritifaa. Dawa yake ni mstari mmoja unaoiacha ionekane tangu mwanzo, nao hauandikwi mpaka mtu aweke ng'ombe kwenye orodha.