Transfoma Kavu

Tukisema mtu amekula wali mkavu, tunamaanisha wali usio na mchuzi wala kitoweo. Chai kavu nayo ni chai isiyo na kitafunwa. Neno "kavu" katika Kiswahili linabeba maana mbili: kukosa maji, na kukosa kile kilichozoeleka kuandamana na kitu. Istilahi "transfoma kavu" inategemea maana ya pili. Ni transfoma isiyo na mafuta.

Zile tunazoziona juu ya nguzo, zinazoshusha umeme wa volti 11,000 au 33,000 hadi 400, koili zake zimezamishwa ndani ya mafuta yanayohami na kupoza kwa pamoja. Katika transfoma kavu kazi hizo zimegawanywa: resini au vanishi inahami, hewa inapoza. Kwa kuwa hakuna mafuta ya kuvuja au kulisha moto, huwekwa ndani ya hospitali, maghorofa na viwanja vya ndege. Wazo lenyewe ni la zamani. Transfoma za kiwanda cha Ganz, Budapest, za mwaka 1885, zilipozwa kwa hewa.

Kasoro ni kwamba wengi wanaishia kwenye maana hiyo moja. Wakisikia hakuna mafuta ya kupima wala kubadilisha, chumba kinafungwa na ufunguo unasahaulika. Hapo ndipo maana ya kwanza ya "kavu" inapodai haki yake, kwa sababu mashine hii lazima pia ibaki bila unyevu. Ikiwa kazini, joto lake huukausha mwili wake. Ikizimwa kwa wiki kadhaa wakati wa masika, hupoa na kunyonya unyevu wa hewa. Mjini Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hewa ya bahari huongeza chumvi, na vumbi lenye chumvi likilowa hupitisha umeme juu ya uso wa koili. Kuiwasha hivyo bila kuipima ni hatari. Fundi apime kwanza uwezo wa kuhami kwa megga, alinganishe na vipimo vya nyuma, na vikiwa vimeshuka aikaushe kwa hewa ya moto hadi virejee.

Vumbi kavu nalo lina madhara. Huziba njia za hewa kati ya koili, joto likapanda. Vihami vya daraja F vimewekewa kikomo cha nyuzi 155 za Selsiasi, na daraja H nyuzi 180. Kila joto linapozidi kiwango, umri wao hupungua haraka sana. Usafi huanza kwa mashine ya kufyonza vumbi, kisha hewa kavu ya shinikizo dogo. Hewa ya nguvu husukuma uchafu ndani zaidi, na maji hayaruhusiwi kabisa. Feni na vipima joto vijaribiwe siku hiyo hiyo, na nati za viungo zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa kukisia. Kiungo kilichobadilika rangi kimeshaungua kidogo. Sikio pia ni kifaa. Mvumo ukibadilika ghafla, huenda kuna bolti iliyolegea kwenye kiini cha chuma.

Yote haya, isipokuwa kusikiliza mvumo, hufanywa umeme ukiwa umezimwa pande zote mbili, umethibitishwa kwa kipimo kuwa haupo, na erthi imefungwa. Nalisisitiza hili kwa sababu ya resini. Inaonekana kama ganda gumu lililofunika kila kitu, na mtu asiyejua huweza kudhani anaweza kuishika. Hawezi. Uso wake una umeme wa kuua hata pasipo waya uliochunika.

Kazi hii napendekeza tuiite "matunzo". "Matengenezo" hutufanya tusubiri kitu kiharibike ndipo tukiguse, ilhali hapa kinachotakiwa ni ukaguzi wa kila mwaka, na wa karibu zaidi palipo na vumbi au chumvi. Wahandisi wanaoandaa miongozo ya majengo yetu waiandike kwa Kiswahili, ili mlinzi na mfagiaji nao waisome. Na mlangoni pa chumba kiwekwe kibao cha herufi kubwa: RESINI HAIKUKINGI NA UMEME. USIGUSE.