S100B

S100B ni protini ndogo inayoshika kalsiamu. Hupatikana zaidi katika astrositi, seli za ubongo zenye umbo la nyota ambazo huzilisha na kuzitunza nyuroni. Blake Moore aliitenga mwaka 1965 huko Marekani kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe. Jina lake ni la kimaabara tu: iliendelea kuyeyuka hata katika mmumunyo ulioshiba salfeti ya amonia kwa asilimia 100.

Kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli, S100B huidaka, hubadilika umbo, kisha hujishikiza kwa protini nyingine na kuathiri kazi zake. Ikitoka nje ya seli kidogo huzifaa nyuroni. Ikimwagika kwa wingi huziua.

Kichwa kikipigwa, astrositi huumia na S100B huvujia kwenye damu. Swali ambalo kipimo chake hujaribu kulijibu, kama ubongo umeguswa au la, lina historia ndefu kwa Abagusii wa Kisii na Nyamira, nchini Kenya. Huko, mtu aliyepigwa au kuanguka, kisha akaandamwa na maumivu ya kichwa, alipelekwa kwa omobari omotwe, mpasuaji wa vichwa. Fundi huyu alipasua ngozi na kuukwangua mfupa polepole, akijihadhari asitoboe utando unaofunika ubongo. Wengi waliopasuliwa waliishi, jambo lililowashangaza madaktari. Edward Margetts, aliyekuwa daktari wa akili katika hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya upasuaji huu.

Miongozo ya Skandinavia ya mwaka 2013 iliruhusu mtu mzima mwenye jeraha dogo la kichwa lenye hatari ndogo asipigwe picha ya CT, iwapo damu iliyochukuliwa ndani ya saa 6 baada ya kuumia ina S100B chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita. Kiwango kikubwa hakithibitishi kitu, kwani protini hii imo pia katika seli za mafuta na za ngozi: aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda anaweza kuwa nayo tele na ubongo wake mzima.

Wagonjwa wa omobari wangeponyoka kipimo hiki. S100B hupungua kwenye damu ndani ya saa chache, ilhali wao walifika wakiwa wameumwa kwa muda mrefu. Kwa maumivu ya namna hiyo, hata picha ya CT mara nyingi haionyeshi kasoro.