Neno Malihai na Historia Fupi ya Elimu ya Mazingira Shuleni

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Katika suala la mazingira, Afrika Mashariki ilichelewa kuuzingatia usemi huu. Serikali za kikoloni zilitenga hifadhi kubwa, kama vile Serengeti mwaka 1951 na Murchison Falls mwaka 1952, bila kumshirikisha mwanakijiji. Mtoto aliyekulia kando ya hifadhi aliijua kwa mambo mawili: mpaka asioruhusiwa kuuvuka, na askari waliowakamata wazee wake kwa kosa la ujangili.

Mabadiliko yalianzia Kenya mwaka 1968, wanafunzi walipoanzisha vyama vya wanyamapori shuleni. Uganda ilifuata mwaka 1975 na Tanzania mwaka 1980. Mwaka 1991 Jane Goodall alianzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam pamoja na kundi dogo la wanafunzi wa sekondari; siku hizi mpango huo hupokea hata watoto wa chekechea.

Kwa sisi walimu wa lugha, linalovutia zaidi ni jina la vyama vya Tanzania: Malihai. Majirani walitumia majina ya Kiingereza. Watanzania, ambao watoto wao husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, waliunganisha mali na hai. Katika Kiswahili, mnyama na nyama ni maneno ya shina moja, na kitoweo hakiko mbali. Malihai humwambia mtoto kwamba kiumbe huyu ni mali akiwa hai. Neno moja limebeba somo zima.

Hapa Uganda, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Je, tutawakaririsha watoto orodha za majina ya wanyama tu? Kampala ina kinamasi cha Nakivubo, ambacho mafunjo yake huchuja majitaka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, tunakopata maji ya kunywa. Sehemu kubwa imekwisha kufyekwa kwa ajili ya mashamba na majengo. Mwanafunzi akiandika insha fupi juu ya kinamasi hicho, atajifunza mafunjo, majitaka na kuchuja kwa pamoja, na atajua kwa nini yanamhusu. Asipopewa maneno hayo, atakiona kuwa pori la kutupia taka. Walimu wenzangu, tuanzie hapo.