Bei ya Bondia: Kamari Ilivyoketi Kando ya Ulingo

Septemba ina tarehe mbili ambazo mashabiki wa ngumi wa Mwanza hawajamaliza kuzibishania. Tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimmaliza Sam Eggington, bingwa wa zamani wa Ulaya, katika raundi ya pili mjini Birmingham. Tarehe 3 Septemba 2022, Mwakinyo huyohuyo alipiga goti raundi ya nne mbele ya Liam Smith mjini Liverpool, pambano likaishia hapo. Sikiliza ubishi huo pale Mlango Mmoja, Mabatini au Mwaloni Kirumba: usiku wa kwanza husimuliwa kwa ngumi zilizopigwa, wa pili husimuliwa kwa mikeka ya kubeti iliyochanika.

Uingereza kubeti kwenye ngumi ni jambo la kale. Jack Broughton alipopigwa na Jack Slack mwaka 1750, inasimuliwa kuwa Duke wa Cumberland, aliyekuwa mfadhili wake, alipoteza maelfu ya pauni kwa pambano hilo moja. Maduka ya kubeti yaliruhusiwa huko mwaka 1961, na kuanzia Septemba 2007 sheria mpya ikayafungulia makampuni mlango mpana wa kujitangaza kwenye televisheni. Marekani nako, Mike Tyson alipokutana na Buster Douglas mjini Tokyo Februari 1990, kasino moja tu ya Las Vegas, Mirage, ndiyo iliyojulikana kumpangia Douglas bei: 42 kwa 1. Namba hiyo ikawa maarufu karibu sawa na ngumi iliyomwangusha Tyson.

Huku ziwani hatukuanza hivyo. Muhammad Ali na George Foreman walipopanda ulingoni Kinshasa, 30 Oktoba 1974, huko ilikuwa saa kumi alfajiri ili Wamarekani waone usiku wao. Mwanza kulikuwa kunapambazuka. Wapanga bei wa Marekani walimpa Foreman nafasi kubwa, lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Iliipata mwaka 1994, miaka kama ishirini baada ya Zanzibar. Mwanza ikaja kuwa na kituo chake, Star TV, na vibanda umiza vya kutazamia mechi vikajaa.

Sheria ilitembea mbele ya picha. Ya mwaka 1967 ilihusu bahati nasibu na ubashiri, ya 1974 ikaleta Bahati Nasibu ya Taifa, na ya 2003 ikaunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mwaka 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa iliingia nchini na kudhamini Simba na Yanga. Baada ya Birmingham ikamfuata Mwakinyo pia: Machi 2019 alikwenda Nairobi akiwa na udhamini wa kampuni hiyo na kumshinda Sergio González wa Argentina. Mwanzoni mwa mwaka huohuo serikali ilikuwa imesimamisha kwa muda matangazo ya kamari, ambayo baadaye yalirudi kwa masharti. Kenya, miezi michache baadaye, ilikataa kuhuisha leseni ya SportPesa.

Sasa turudi Liverpool, kwa sababu usiku ule ndio uliofunua tulipofika.

Ilikuwa Jumamosi. Mchana, mjini humohumo, Everton na Liverpool walitoka sare ya bila kufungana, na sare hiyo peke yake ilitosha kuchana mikeka mingi. Mechi za jioni zikaisha. Liverpool iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati huo wa mwaka, kwa hiyo pambano la Mwakinyo lilitufikia usiku mwingi, soka likiwa limekwisha. Kwa mwenye mkeka uliobaki na mstari mmoja tu, Mwakinyo hakuwa bondia tena. Alikuwa timu ya mwisho. Aliyemwamini alitaka ashinde, aliyemwekea Smith alitaka aanguke mapema, na wote walikaa benchi moja wakimtazama Mtanzania huyohuyo.

Alipopiga goti, kabla hata hajashuka ulingoni, neno lilikuwa moja: kauza. Mwakinyo alieleza kwamba begi lake lilichelewa safarini, akavaa viatu visivyo vyake, akaumia kifundo cha mguu. Unaweza kumwamini au kumkatalia. Mimi naona kosa letu ni kutomsikiliza kama tunavyomsikiliza bondia. Tulimhoji kama karani aliyekula fedha za ushirika. Smith alikuwa bingwa wa zamani wa dunia wa WBO, akipigana nyumbani kwao. Hilo pekee lilitosha kueleza mengi, lakini halikutajwa hata nusu ya mara ambazo odi, yaani bei ya kubeti, ilitajwa.

Odi yenyewe haieleweki na wengi wanaoitaja. Bei ya 8 maana yake ukiweka elfu moja unarudishiwa elfu nane. Anayeipanga hasemi tu bondia yupi ni bora. Anaangalia pia fedha zimeelemea wapi, na anajiachia sehemu yake kila upande. Mtangazaji anapoisoma hewani kana kwamba ni kipimo cha mapafu na mikono ya mtu, anampotosha mtazamaji.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Ngumi za nyumbani zimejaa luninga, na pesa ya udhamini imewasaidia mabondia ambao zamani walilipwa nauli. Silikatai hilo. Lakini sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na kibanda umiza cha Igoma hakiulizi umri usiku wa pambano. Tangazo lina mwanzo na mwisho, na Bodi inaweza kulizuia; mtangazaji anayetaja bei kila baada ya raundi hazuiliwi na yeyote. Kama vituo vyetu vinataka kuuheshimu mchezo huu, vimweke kando ya ulingo kocha mstaafu aeleze kwa nini mkono wa kushoto umeshuka, na bei ya bondia iachwe nje ya matangazo mpaka kengele ya mwisho igongwe.