Mtindi ulioenguliwa mafuta katika mlo wa mwenye kisukari

Ivuna ni kata ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, katika bonde la Ziwa Rukwa. Wasomi wa anga wanaijua kwa kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938, majirani wanaijua kwa chumvi ya chemchemi zake. Bonde hilo ni la wafugaji pia, wakiwamo Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, kwa hiyo yogati yenye nishati kidogo si lazima isubiri kopo kutoka madukani Tunduma. Maziwa yakichemshwa, yakapoa, yakaenguliwa mafuta ya juu kisha yakagandishwa, yanatoa mtindi wa aina hiyohiyo. Suala si dogo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64.

Hata hivyo kuengua mafuta kunapunguza nishati, hakupunguzi sukari. Kikombe cha mililita 250 cha mtindi wa maziwa yasiyoenguliwa kina kalori zipatazo 150. Kilichoenguliwa vizuri hukaribia 90. Vyote viwili vina takriban gramu 12 za wanga, karibu wote ukiwa sukari ya asili ya maziwa, ambayo bakteria wa mgando hula sehemu yake tu. Ukitia vijiko 3 vya chai vya sukari umeongeza gramu 12 nyingine, yaani umeuongeza maradufu wanga wa kikombe kizima, na karibu kazi yote ya kuengua imepotea. Ndiyo maana kopo la duka lililoandikwa kuwa halina mafuta lisomwe kwanza upande wa sukari. Kwa sababu hiyohiyo mtindi huingia katika mlo kwa kuchukua nafasi ya kitu: kikombe kimoja kinalingana kwa wanga na gramu 16 hivi za unga mkavu wa mahindi, kwa hiyo tonge za ugali zipungue, mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Faida yake juu ya ugali ni protini, gramu 8 hivi kwa kikombe, na kupandisha sukari ya damu polepole.

Wapo wanaopinga kuengua, wakisema tafiti nyingi hazikuona mafuta ya maziwa yakiongeza kisukari. Hoja hiyo ina uzito. Kuengua kunamfaa anayetakiwa kupunguza uzito. Mgonjwa aliyekonda, na vijijini wapo wengi, hana sababu ya kuyatupa mafuta hayo. Wengine hushikilia kwamba maziwa mabichi ya kibuyu ndiyo dawa kamili. Hapo hakuna la kusuluhisha: uchachu hauui kwa uhakika vimelea vya brusela wala vya kifua kikuu cha ng'ombe, na kisukari chenyewe humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Kuchemsha ni lazima. Chumvi nayo, hata ikiwa ya nyumbani Ivuna, isitiwe katika mtindi, kwani shinikizo la damu huandamana mara nyingi na kisukari. Mwenye figo zilizoathirika aulize kiasi chake kliniki, na anayetumia insulini asipunguze ugali kwa ajili ya mtindi kabla ya kuzungumza na mhudumu wake kuhusu dozi.